Dirisha la Viwiko Viwili

Jumatatu, 2 Mei

Zimebaki siku kumi na tisa. Tarehe 21 mke wangu Nila anatimiza mwaka tangu afariki, na sala ya kumaliza matanga lazima isomwe ndani ya nyumba aliyoichora mwenyewe. Nimeapa. Hadi leo nyumba ina nguzo, kuta tatu na nusu, na kontrakta. Paa hakuna.

Nila aliichora kwa mkaa nyuma ya kalenda. Vyumba hakuvijali, alivichora kama viberiti. Alichokichora kwa makini ni dirisha la jikoni: liwe pana kiasi cha yeye kuegemea kwa viwiko viwili, na jirani aliye nje aegemee kwa viwiko vyake viwili. Nyumba ya kupanga tuliyoishi miaka thelathini ilikuwa na kidirisha cha kiwiko kimoja. Maskini, alisengenya kiupandeupande maisha yake yote.

Ijumaa niliacha mifuko arobaini ya saruji. Leo ishirini na minane! Nilimuuliza kontrakta wangu, Gaudencio. Akasema saruji hunywea, Nong Pulo, kaka yangu, kwa unyevu huu wa Mei hata binadamu hunywea. Nikaona ana hoja. Kisha akapita shemeji Takya, dada yake Nila, akaniambia kuwa ng'ambo ya mto Gaudencio anajijengea banda la nguruwe, na saruji ya huko, ajabu, inanenepa.

Kumfukuza siwezi. Mafundi wote wa hapa ni binamu zake.

Baadaye: nimepata wazo! Nilikuwa napiga mswaki. Nimemeza povu.

Jumatano, 4 Mei

Mpango ni huu. Jumapili mjukuu wangu Nilo anabatizwa, na baba wa ubatizo hajapatikana. Nitampa Gaudencio! Mtu akishambeba mtoto wenu kanisani mnakuwa ndugu, mnaitana pare, na katika kisiwa hiki chote hakuna amwibiaye pare wake. Aibu ingemuua. Kwa haki, pare angekuwa wa baba wa mtoto, lakini mkwe wangu ni baharia, yuko melini, na mimi ndiye ninayesimama badala yake.

Binti yangu Rosenda akauliza: Tay, baba yangu, mwanangu alelewe kiroho na mwizi? Nikamweleza kwa upole kwamba hapo ndipo penye faida. Mtu mwaminifu tumfanye pare wa nini? Ni kumpoteza bure. Akanitazama kama mama yake alivyonitazama siku niliponunua jogoo kipofu wa mapigano, kwa kuwa hataogopa.

Nikamwendea Gaudencio na galoni la mvinyo wa mnazi. Nilipomwambia, alilia. Mimi pia nililia. Galoni likaisha.

Jumapili, 8 Mei

Ushindi! Gaudencio alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi makwapani. Alimshika Nilo vizuri, shingo na yote. Padre alipomuuliza kama anamkataa shetani na mambo yake yote, alijibu kwa sauti ya kutikisa vioo. Nilimtazama Takya. Alikuwa akikohoa kwenye leso.

Mezani Gaudencio alinikumbatia mbele ya watu wote. "Pare!" akasema. "Kuanzia leo, kilicho changu ni chako!" Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga zaidi. Takya akaninong'oneza kwamba, shemeji, sentensi hiyo ina nusu ya pili. Wivu tu. Alitaka nyumba ijengwe na mkwe wake.

Jumatano, 11 Mei

Nusu ya pili imefika.

Jumatatu Gaudencio na mafundi wake hawakuja kazini: baba wa ubatizo hafanyi kazi kesho yake, eti ni mkosi kwa mtoto. Jana hawakuja: eti mkosi hudumu siku mbili. Leo kaja mapema na mkokoteni, akaenda moja kwa moja kwenye mabati ya paa langu, akaniita kwa furaha: Pare, naazima sita!

Zamani alikuwa akiiba nikiwa sipo. Sasa anachukua nikiwepo. Ningesemaje? Pare hamkatalii pare. Nilisikia mdomo wangu ukimwambia achukue nane, sita hayatoshi. Nilisaidia kupakia. Nilimfungia kamba.

Takya alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba asianguke. Nguzo ikatikisika. Tukaitazama wote wawili.

Ijumaa, 13 Mei

Ngazi imekamilika. Nilipanda nikihesabu kama kila mtu anavyohesabu: dhahabu, fedha, kifo, dhahabu, fedha, kifo. Nikafika mlangoni. Kidato cha mwisho ni kifo! Sita badala ya saba. Katoa kidato kizima!

Nila alikuwa akihesabu kila ngazi, hata ya hospitali, hata siku ile alipopanda akiwa ameniegemea. Ilikuwa na vidato ishirini na viwili, ikaishia kwenye dhahabu. Alifurahi, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Sijui kwa nini naandika hili. Ngazi ya hospitali ilijengwa vizuri, hilo tu.

Gaudencio akaitetea hesabu yake: anza na ardhi, Pare, ardhi ndiyo kidato cha kwanza. Nikaona ana hoja, lakini safari hii nilikuwa na dawa yangu. Nikamwambia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba babu yangu alisema ngazi ya kifo haimdhuru mwenye nyumba. Humdhuru fundi. Huanza na mifugo yake.

Babu yangu hakusema hivyo. Babu yangu alikuwa muuza barafu.

Gaudencio akageuka rangi. Akasema kesho asubuhi kidato cha saba kitakuwepo. Nimeimba njia nzima kurudi!

Jumatatu, 16 Mei

Kidato cha saba kipo. Cha mbao nzuri, nzito, iliyopigwa randa. Nilikisifu sana. Kisha nikaingia jikoni.

Mbao ile ilikuwa ya fremu ya dirisha la Nila.

Dirisha kaliziba upande mmoja kwa matofali. Nimejaribu kuegemea. Kiwiko kimoja kinaingia. Cha pili kinakaa ukutani, kama mtu aliyenyimwa kiti. Nimesimama hivyo muda mrefu kidogo.

Zimebaki siku tano. Ukuta wa nne bado ni nusu. Mvua imeanza.

Jumatano, 18 Mei

Nimevuka mto kwenda kwa Gaudencio kudai mabati. Nilijiandaa njiani: nitasema kwa ukali. Nitagonga meza, kama kuna meza.

Banda lake! Nilivua kofia, nilidhani ni kanisa. Sakafu imesakafiwa ikang'aa. Nguzo hazitikisiki, nimezijaribu zote. Mabati yangu manane yako juu, hakuna tone linalopita. Ndani wamelala nguruwe jike mmoja na wanawe saba. Na ukutani, kwa msumari, ile kalenda ya Nila! Nilikuwa nimeitafuta tangu Pasaka.

Gaudencio akajikuna. Akasema ule mchoro ulikuwa mzuri mno, Pare, angeuachaje. Akanionyesha dirisha. Akasema nguruwe wake hupenda kutazama wapita njia, humwongezea hamu ya kula.

Nikaliendea. Nikaweka kiwiko cha kulia. Nikaweka cha kushoto. Vyote viwili! Kimo ni kilekile, ukingo umelainishwa kwa msasa. Kalitengeneza kwa moyo wote, kwa kuwa ni lake.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, kwa furaha: Pare, naazima.

Akauliza naazima nini. Nikasema banda. Jumamosi ni sala ya marehemu, na yeye ni pare. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nilimwonea huruma, maana naijua hali ile. Kisha nikamsikia akiniambia nichukue na benchi pia.

Alinisaidia kufagia.

Jumamosi, 21 Mei

Sala imesomwa. Mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyelowa. Tulichoma uvumba mwingi kuliko kawaida, kwa sababu zinazoeleweka. Padre alisifu ujenzi. Gaudencio alitazama miguu yake.

Baada ya sala nilikitoa kitambaa cheusi cha matanga nilichokibandika kifuani mwaka mzima. Sikujua mikono yangu iende wapi. Nikaenda dirishani, nikaegemea. Takya akaja kwa nje na mwavuli, akaweka viwiko vyake viwili mbele yangu, akaanza kunisimulia habari za mke wa kapteni wa barangay, mkuu wa kijiji chetu. Habari chafu kabisa! Nilicheka mpaka machozi. Akasema dada yake angelipenda. Nikasema ndiyo. Akasema ila, shemeji, bado panatoa harufu.

Gaudencio ameniambia nikae tu mpaka nyumba iishe. Nami nikamwambia nguruwe wakae kwangu. Wamepanda vidato vyote saba, dhahabu mpaka dhahabu, bila kuteleza.

Jumatatu, 23 Mei

Nimepata kontrakta mpya wa kumalizia nyumba! Anaitwa Wenefrido, katoka mji mwingine, si binamu ya mtu. Alikuja asubuhi kupima mlango. Alipoondoka, bawaba zilikuwa zimeondoka pia. Takya anasema huyu ni mbaya kuliko wa kwanza. Rosenda anasema, Tay, tafadhali.

Wanawake hawana subira. Padre ametangaza kwamba Juni askofu anakuja kutoa kipaimara hata kwa watoto wachanga, na kila mtoto anahitaji msimamizi mpya.

Nimeshanunua galoni.