Chatu Mdogo wa Kumkomesha Trevor

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimekata shauri. Nafuga chatu.

Sababu ni moja, na jina lake Trevor Stubbings, jirani yetu wa mkono wa kulia. Kila mwaka chama cha wafugaji wa nyoka hapa Rockhampton hufanya onyesho, na kila mwaka kikombe huchukuliwa na Trevor na lile joka lake, Duchess, refu kama mpira wa kumwagilia bustani. Lakini mwaka huu wameongeza kundi la chatu wadogo. Trevor hana mdogo! Leseni ya kufuga ninayo. Niliikata mwaka jana, kwa hasira, nikitoka kwenye onyesho.

Kikwazo ni dada yangu Noelene. Nyumba ni yake. Nilihamia hapa mumewe Ron alipofariki, ili nimtunze. (Yeye huwaambia watu kwamba ndiye anayenitunza mimi. Majonzi hayo.) Tangu msiba hatoki, hacheki, anakaa tu dirishani na chai inapoa. Leo nikamgusia habari ya mnyama mdogo, mpole, asiyebweka. Akaniuliza ana miguu mingapi. Nikajidai kukohoa. Akasema haya, Clarrie, lakini siku nitakapomkuta nje ya chumba chako, wewe na yeye mtatafuta pa kulala.

Kakubali!

Jumapili, 26 Oktoba

Nimekwenda Gracemere kwa Bi Doreen, mzalishaji wa chatu wadogo. Kanionyesha wa kichuguu, mwembamba kama kamba ya kiatu. Mzuri, lakini ukipiga chafya anapeperuka. Kisha wa madoa, wale wa huku kwetu Queensland, ambao hata wakizeeka hawazidi fimbo ya kutembelea.

Bi Doreen akashauri nichague aliyetulia, anayekula vizuri, mwenye ngozi safi. Mmoja alijikunja kiganjani mwangu kama mkate wa sinia. Hana makali huyo! Wa pili akaniuma kidole papo hapo. Nikamwambia Bi Doreen nifungie huyu, ana moyo wa ushindi. Akanitazama sana. Akasema nimweke kwenye sanduku dogo, maana mtoto wa chatu penye nafasi kubwa huingiwa na hofu, akagoma kula. Nimpe pembe ya joto na pembe ya ubaridi, kijipango cha kujificha kinachombana mwili, na kifuniko chenye kufuli.

Nikaitikia kila kitu. Sanduku dogo! Mimi na Trevor tushindane kwa sanduku?

Nimempa jina: Jenerali.

Jumatano, 29 Oktoba

Kasri limekamilika! Ni kabati langu la nguo, mlango nimeutia kioo. Ndani kuna taa, mawe ya mtoni, miti ya plastiki, na maporomoko ya maji yanayoendeshwa na pampu ya samaki. Nguo zangu ziko chini ya kitanda.

Jenerali hajalifurahia. Amejibanza nyuma ya jiwe, haonekani. Nilimletea panya wa kugandishwa (huwaweka kwenye friza, kopo la aiskrimu, nimeandika MAINI). Nilimyeyusha kwenye bakuli la supu la Noelene. Jenerali akamgeuzia mgongo, kama nyoka ana mgongo wa kugeuza. Nikamtikisia panya mbele ya pua. Akaniuma mimi.

Jumamosi, 1 Novemba

Balaa! Jenerali hayumo. Tundu la waya wa taa nilisahau kuliziba.

Nimepekua chumba chote. Nimepekua viatu. Mchana nikamkuta Trevor kwenye ua, nikamwambia kwamba rafiki yangu fulani kapotelewa na nyoka mdogo, je, atafute wapi? Trevor akasema, "Mwambie huyo rafiki yako atazame penye joto na giza. Na mwambie amweleze dada yake kabla dada hajamwona mwenyewe."

Umbea mtupu. Sikumweleza mtu.

Jumanne, 4 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo ni siku ya mbio za farasi za Melbourne, nchi nzima imeacha kazi, na Pam kutoka kanisani kamlazimisha Noelene wakaribishe akina mama nyumbani kutazama. Mvinyo wa mapovu, sandwichi za tango, kofia vichwani. Noelene akashusha kofia yake ya manyoya kutoka juu ya friji, akaivaa bila kuitazama.

Farasi wakaingia uwanjani. Pam akamwambia Noelene, wee, huo utepe wa kofia umeutoa wapi, mbona unang'aa hivyo? Akasogea auguse. Utepe ukamtolea ulimi.

Akina mama walitoka kwa mlango, dirisha na yowe. Mtu mmoja akapanda juu ya meza. Mtu huyo ni mimi. Nilitaka kuona vizuri zaidi.

Trevor akaruka ua, akaja mbio. Akamkuta Noelene kasimama katikati ya sebule, kaivua kofia, anamtazama Jenerali ambaye amejizungusha kwenye manyoya kama yuko kwao. Tukangoja bomu lilipuke. Noelene akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, anasema, "Ron angekuwepo! Jamani, Ron angekuwepo!" Trevor naye akacheka. Farasi gani alishinda hakuna ajuaye.

Sikufukuzwa. Ila Noelene kasema nyoka huyu hana Ujenerali wowote, anaitwa Utepe, na kuanzia leo analala sebuleni. Trevor akaleta sanduku la plastiki kutoka kwake, dogo la aibu, akalitoboa matundu ya hewa, akaweka chungu cha maua kilichopinduliwa, na mkeka wa umeme wa kutia joto upande mmoja. Utepe akaingia chini ya chungu. Jioni akala panya mzima.

Alikula kwa kuwa alikuwa na njaa. Haikuwa kwa sababu ya sanduku.

Ijumaa, 7 Novemba

Trevor kaja tena. Kila siku yuko hapa, eti kupima joto la sanduku. Leo kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Kwa ajili ya kupima joto! Anafikiri sioni. Anampeleleza nyoka wangu kabla ya onyesho.

Noelene naye simwelewi. Anaimba jikoni. Mashavu yamemwiva. Nadhani ni mzio wa nyoka. Nimemshauri amwone daktari, akanipiga na kitambaa cha vyombo.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya onyesho. Nilivaa tai.

Mwamuzi akaniomba nimtoe Utepe nimshike, aone alivyozoea watu. Nikamtoa. Akaniuma pua. Mbele ya ukumbi mzima! Hakuachia mpaka Noelene alipokuja, akamsemesha kwa sauti ya chini, naye akateleza akajizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, katulia kama bangili. Mwamuzi akauliza basi mwenye nyoka ni nani hasa. Ukumbi wote ukamnyooshea kidole Noelene.

Kikombe kimeandikwa jina lake. Trevor alipiga makofi kuliko watu wote, kisha akanipa kitambaa cha kuzuia damu, akaniambia, "Pole, shemeji."

Shemeji! Dharau gani hii? Nilimwambia akome.

Ijumaa, 14 Novemba

Wanaoana.

Sasa nimeelewa mpango wote. Mtu anaoa dada wa watu ili apate nyoka wake! Nilimwambia Noelene waziwazi. Akaweka mkono begani mwangu. Akasema bila ule upuuzi wangu angekuwa bado amekaa pale dirishani, na kwamba hatanisahau kwa hilo. Nikapaliwa na sandwichi.

Kisha akaeleza kwamba Trevor anahamia hapa pamoja na Duchess, na Duchess anahitaji chumba kinachopigwa na jua la mchana. Yaani changu. Mimi naenda karakana. Trevor akanisaidia kubeba godoro. Akasema, "Karibu nyumbani, shemeji."

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ya kwanza jana. Nimelala hapa karakana nikisikiliza sauti za kukoroma ndani ya bomba la mvua, na akili ikafunguka. Vyura!

Chama kina kundi la vyura, na Trevor hana chura hata wa dawa. Isitoshe chura ni mnyama salama: akipotea, anaita mwenyewe. Kuna mzee Yeppoon anaye mmoja wa kijani, mdogo, mnono, anayeng'aa kama embe bichi. Nimeshampigia simu, namchukua kesho. Karakana ni kavu mno kwa chura, na kasri nimelibomoa. Lakini nimefikiria kila kitu. Nitamwingiza taratibu kwenye sanduku la Utepe, mle chini ya chungu, Noelene akiwa sokoni.

Wote wawili ni wadogo. Watazoeana.