Hotuba ya Mkurugenzi Onyiego Kuhusu Siku ya Kubadilisha Betri ya Saa Janja

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Chifu wetu, Naibu wa Chifu, na yule anayemshikia Naibu wa Chifu kofia. Pasta wa Sabato na Padre, mliokubali kukaa benchi moja kwa ajili ya teknolojia. Wenyeviti, makamu wa wenyeviti na wenyeviti wastaafu wa kamati zote zilizowahi kukutana na zile ambazo bado zinatafuta siku. Wakulima wa majani chai, akina mama wa ndizi mbivu na akina mama wa ndizi mbichi. Wananchi wote wa Nyamache: Bwakire buya, habari za asubuhi! (Wananchi: "Bwakire!" Wengine wanatazama mawingu.)

Mimi ni Jeconia Onyiego, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Vifaa Mahiri vya Mkononi, Ukanda wa Milimani, mtu ambaye amekwenda benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, katika nchi tatu na akarudi kutoka zote tatu. (Makofi kutoka hema la wageni.) Nasimama hapa kwa unyenyekevu, na niseme wazi kwamba unyenyekevu wa kiwango hiki haujawahi kuonekana katika soko hili, ili nizindue Kituo cha Kubadilisha Betri za Saa Janja, chini ya Mpango wa Mapigo Salama, mpango ambao umewagusa wazee elfu nne mia mbili wenye presha na ugonjwa wa moyo, kila mmoja akivaa saa inayohesabu mapigo yake na kumtumia mwanawe ujumbe kwenye simu mambo yakiharibika. (Sauti ya mzee: "Hao elfu nne wako wapi?") Swali hilo ni zuri sana, mzee wangu, na kwa sababu ni zuri litajibiwa kwa maandishi.

Sasa, stakeholders wenzangu, mtu atajuaje kwamba betri ya saa yake imefika mwisho? Nitawaeleza kwa mfano hai, naye ameketi pale mbele, Mama Nyanchoka, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, mchuma chai, mgonjwa wa moyo, ambaye alikuja ofisini kwangu mara tatu, jambo linaloonyesha jinsi wananchi wanavyoipenda ofisi yangu. (Kicheko kidogo upande wa ndizi.)

Mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, zamani nikiichaji hii saa Jumapili, inanifikisha Jumatano. Siku hizi nikirudi kutoka kituo cha kupimia majani ya chai, hata saa sita haijafika, imezima." Nikamjibu kitaalamu: "Chaji zaidi, mama." Mara ya pili akasema, "Inaniambia imebaki asilimia arobaini, halafu inazima palepale." Nikampa fomu ya kurasa nne, ambayo sehemu ya kwanza inaomba anwani ya barua pepe. Mara ya tatu alinionyesha saa yenyewe, mgongo umevimba, kioo kimeanza kuinuka, na mkono wake una alama nyekundu. "Inanichoma," akasema. Wananchi, sikumpuuza! Nilichukua kalamu na kuandika juu ya faili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, neno LINASHUGHULIKIWA. (Makofi kutoka hema la wageni pekee.)

Hapo ndipo huyu mama, kwa kukosa subira, akaenda kwa fundi. Fundi mwenyewe ni Bwana Mogire, mnamjua, mwenye kibanda cha kutengeneza simu hapa sokoni, mtu asiye na ofisi, asiye na mpango mkakati. Aliigeuza saa mara moja tu, akamwambia Mama Nyanchoka, ambaye yeye humwita kwa jina la bintiye, Mokeira, na hapa namnukuu kama maafisa wangu walivyorekodi:

"Mama Mokeira, betri hii imekwisha. Ina miaka mitatu. Saa ikishindwa kumaliza siku ulizozoea, au ikizima huku inakuonyesha chaji bado ipo, hapo ndipo unabadilisha. Hii imevimba, kwa hiyo usiivae tena, usiifinye, na usiichaji. Niachie. Betri inakuja kutoka Kisii na gari la asubuhi. Kesho Alhamisi, saa sita kamili, uje uichukue."

Hayo tu! Bila warsha, bila chakula cha mchana, bila cheti cha kuhudhuria. Nilisikitika.

Alhamisi, Mama Nyanchoka akapanda mlima kwenda shambani kuchuma chai, mkononi hana saa. Saa sita ikafika, hakuonekana. Saa sita na nusu, Mogire akamwambia jirani yake, Tryphosa, muuza ndizi, "Mama Mokeira hachelewi. Hata kanisani ndiye anayefika kabla ya mwenye ufunguo." Tryphosa akasema, "Labda anachuma mstari wa mwisho." Mogire akatazama ile saa mezani, na betri mpya ndani yake, akafunga kibanda huku wateja watatu wakilalamika, akapanda mlima kwa miguu.

Alimkuta kati ya mistari ya chai, amelala ubavu, kikapu kimemwagika, midomo inatafuta maneno. "Mama, usilale. Nitazame mimi." Akambeba mgongoni hadi barabarani. Daktari alisema baadaye kwamba nusu saa zaidi na leo tungekuwa tunachanga kwa ajili ya jeneza. (Minong'ono.)

Na huyo binti yake, Mokeira, mwalimu kule Kisii mjini? Alikuwa ameshika simu. Aliniambia mwenyewe, akilia mbele ya meza yangu: "Simu ilinionyesha mapigo sabini na mawili. Sikuona kwamba ni ya jana. Nilikuwa nakunywa chai, nikamshukuru Mungu kwamba mama ni mzima." (Mwanamke mmoja anajifuta macho kwa leso.)

Sasa msilie, wananchi, kwa maana katika ripoti yetu ya robo mwaka tukio hili limeingizwa kama ufanisi wa asilimia mia moja: dharura iliitikiwa, mgonjwa aliokolewa, na hakuna umeme uliotumika! (Mama Nyanchoka anasimama, akishikilia bega la binti yake.) Mama, keti, muda wako uko kwenye ratiba baada ya vinywaji. (Mama Nyanchoka: "Mkurugenzi, nilikwambia imevimba.") Tulikusikia, mama. (Mama Nyanchoka: "Mlinisikia. Mogire alikuja." Vigelegele. Chifu anapiga makofi, kisha anaacha.)

Asante, asante, hiyo ndiyo public participation tunayoitaka. Basi niwaahidi kwamba kufikia mwaka wa fedha ujao kila kijiji, kutoka hapa hadi Mosocho na Nyakoe, kitakuwa na Afisa wa Betri, Naibu Afisa wa Betri, na gari la kuwatembeza wote wawili. Inueni mikono! Mapigo! (Wananchi: "Salama!") Betri mpya! (Wananchi: "Kwa Mogire!") Hapana, semeni: kwa Mamlaka! Betri mpya! (Wananchi, kwa sauti zaidi: "Kwa Mogire!")

Vyema, upepo unapotosha sauti. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mwalimu Mokeira, aliyemnunulia mama yake saa ile kwa mshahara wake mwenyewe, kwani bila yeye Mpango wa Mapigo Salama usingekuwa na hata saa moja ya kupigia picha. Nawashukuru wazee elfu nne mia mbili ambao majina yao tuliyapata katika daftari la wapiga kura, na ambao saa zao, nasema kwa uwazi na uwajibikaji, hazijawahi kuagizwa. Na zaidi ya wote namshukuru Bwana Mogire, aliyeturuhusu kukipaka kibanda chake rangi ya Mamlaka asubuhi hii na kukiita Kituo. Bwana Mogire, nikishakata utepe na wapiga picha wakaondoka, unaweza kung'oa kibao chetu na kuendelea na kazi. Naona kuna watu wanakungoja.