Mdoriani Wangu na Watawa Wenu

Kwa Bapak Hartoyo,
Mkuu wa Uchimbaji wa Mambo ya Kale,
Kilimani, nyuma ya jiko langu.

Mheshimiwa Bapak,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na viatu vyako vimekauka. Mimi sijambo, isipokuwa hasira. Nasikia Jumatatu mtaukata mdoriani wangu, eti mizizi yake imekumbatia ukuta wa watawa wa kale wa Kibudha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmezungusha uzio. Kwetu doriani halichumwi. Hungojwa lianguke, na aliye chini ya mti ndiye mwenyewe. Sasa aliye chini ya mti ni mlinzi wenu, Sabli. Anakula matunda yangu mpaka mashavu yamemjaa. Nilipomkabili akaniambia, "Nyai, hapa ni mahali patakatifu, rudi nyumbani ukapumzike." Sabli huyu niliyemfuta kamasi mimi!

2. Tangu mseme hapa palikuwa na chuo cha watawa, jirani yangu Mak Rukiah anadai ni kitukuu chao. Nikamuuliza, mtawa asiyeoa kitukuu kakipata wapi? Tangu siku hiyo salamu ameninyima.

3. Mahujaji wanatoka nchi za mbali kuja kusujudu mbele ya matofali niliyokuwa nikianikia pilipili. Mimi Mwislamu, sina neno na ibada ya mtu. Lakini pilipili nianike wapi?

4. Mnasema watawa hao walivuka bahari kuja kusoma. Kusoma nini? Vitabu walikuwa navyo kwao. Walichokosa ni doriani. Basi patakatifu penyewe ni mti, na hayo matofali yalikuwa ya kukalia tu wakingoja lianguke. Kwa heshima zote, naomba myafukie matofali, muuache mti.

Nisalimie wachimbaji wote, mama watoto huko Java, na Sabli pia, ingawa hastahili.

Ni mimi jirani yako mwema,
Nyai Marhamah, mjane wa Datuk Jufri.

Tanbihi: Niombee radhi kwa Sabli. Hajala kitu. Mti haujazaa tangu Jufri afariki. Yeye ndiye aliyekuwa akiungoja, nami nikimpelekea kahawa. Siku hizi naketi pale kando ya uzio wenu peke yangu, na tawi likitikisika nageuka kumwambia. Kama ni lazima mkate, mwanangu, kateni. Ila kwanza niambieni nitakaa wapi.