Bajeti ya Skarvesund na Mzee wa Samoni

Jumatatu, 4 Desemba
Hasara tena! Mwaka wa tatu mfululizo halmashauri yetu ya Skarvesund inatumia zaidi ya inavyokusanya. Kosa langu? Hata kidogo. Mimi ni mkuu wa fedha tu. Theluji ndiyo iliyomaliza hela, kutwa magreda barabarani kuizoa. Gunnvor, diwani wa upinzani, kasema mbele za watu kwamba bajeti isiposimama safari hii, bwawa la kuogelea la watoto linafungwa na mimi nafungasha virago. Eti tuanzishe kodi ya nyumba. Ubunifu hana kabisa yule mama. Mimi ninao.

Jumatano, 6 Desemba
Nimempata! Mzee Eilert, tajiri wa kufuga samaki wa samoni, miaka themanini na sita. Anaishi Oslo, ila nyumba yake ya mapumziko iko hapa kwetu. Sheria iko wazi: akiwa mkazi wetu tarehe mosi Januari, kodi ya utajiri wake tunapata sisi. Nikamfuata kwenye nyumba hiyo na keki za moto na jibini la kahawia. Kala zote! Akaulizia sana makao ya wazee. Kuna chumba cha peke yako? Muuguzi anafika? Nikamwambia Mzee wangu, hapa utadekezwa mpaka uchoke. Akasema basi anahamia. Mambo si hayo!

Alhamisi, 14 Desemba
Baraza la madiwani. Nimewamwagia makadirio ya miaka minne, faida tupu. Gunnvor akauliza mapato yote haya yanatoka wapi. Nikasema ongezeko la wakazi. Wangapi? Nikasema mmoja. Ukumbi mzima kicheko. Na huyo mmoja akifa je? Nikamjibu nimemwona kwa macho yangu anavyokula, hafi leo wala kesho. Bajeti ikapita kwa kura moja! Mlangoni Gunnvor akanivuta koti: Audun wewe, utakuja kulia. Wivu tu.

Jumanne, 2 Januari
Mzee ni mkazi rasmi. Bwawa limepona! Watoto wamenipigia makofi, machozi yakanilengalenga. Waseme sasa.

Ijumaa, 12 Januari
Balaa. Kumbe tangu Novemba Mzee alishagawa mali yote kwa wanawe, nao wako Uswisi, kodi yetu haiwafiki. Kabaki na pensheni. Leo kaja ofisini kudai chumba cha kuona bahari na muuguzi asubuhi na jioni, kama nilivyoahidi. Kwa sheria lazima tumhudumie. Gharama yake inatosha kuendesha bwawa! Watoto wamepita dirishani na mataulo yao, nikashindwa kuwatazama. Gunnvor hata hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Kaniletea pendekezo la kodi ya nyumba, kasema nitie saini tu, bwawa lipone.

Jumamosi, 13 Januari
Sijatia saini. Haraka ya nini? Nimempelekea Mzee supu ya samaki, tukapiga soga. Kumbe ana kaka yake, Peder, miaka tisini na moja, tajiri kumshinda! Naye anatafuta pa kupumzikia. Mzee kaniuliza jambo moja tu kwa niaba yake: huyo muuguzi anafika na Jumapili? Nimeshamwingiza Peder kwenye makadirio ya mwaka kesho, na Jumapili nimemwahidi wauguzi wawili.