Udongo Wangu Umehamia kwa Maximiliana

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Masalu kaja kutoka Bariadi mjini na pikipiki yake na uso wa msiba. Mwanangu wa tumbo langu! Hata uji hakugusa. Akasema shamba halitoi kitu, na msimu huu likikataa tena analiuza kwa mfyatua matofali, mimi nihamie chumba chake cha uani chenye sakafu ya saruji. Saruji! Nitapanda nini kwenye saruji? Nikamwambia shamba halijafa, limenuna tu. Akauliza limenunia nini. Ulimi huo kautoa kwa baba yake.

Hapo mteremkoni palikuwa na ngitili ya marehemu mume wangu Nyanda. Nyasi na migunga, imefungwa, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikolee. Alipofariki nikaifyeka, kikabaki kichaka kidogo tu kule juu, nikapanda pamba. Mwaka wa kwanza ilinifika kifuani! Sasa inanifika kwenye kifundo cha mguu. Sababu naijua: kijicho. Sijajua tu cha nani.

Mimi darasani sijakaa hata siku moja. Herufi alinifundisha Nyanda kwa kijiti, chini mchangani. Mchanga huu ndio ulionisomesha. Sitoki hapa.

Jumanne, tarehe 5

Nimemjua!

Jana jioni ilinyesha. Asubuhi nikashuka kwa jirani yangu Maximiliana kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Nilitaka kuchungulia. Majaruba yake ya mpunga yamejaa tope jekundu, laini. Sasa, bondeni kwetu udongo ni mweusi tangu Mungu aumbe. Mwekundu ni wa mteremko. Ni wangu! Naujua kama ninavyowajua ng'ombe wetu mnadani. Na katikati ya tope, imesimama wima bila haya, katambuga ya Nyanda, kiatu chake cha tairi alichokisahau shambani mwaka aliokufa.

Nikamwambia Maximiliana ameniibia. Akasema mwangaluka kwanza, mayu, salamu haiuzwi. Halafu akasema udongo ulikuja kwa miguu yake, yeye hakuuita wala hakuupikia.

Mimi na huyu tulipata kipaimara siku moja. Askofu alitakiwa ampake mafuta mara mbili.

Jumatano, tarehe 6

Kesi kwa mwenyekiti Magese. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Magese akauliza kama udongo wangu una alama ya chuma cha moto. Nikatoa katambuga, pwaa! mezani. Mguu wa Nyanda kila mtu aliujua, haukuwa na wa pili wilaya nzima.

Magese akaamua: udongo ni wa Milembe, ndiye mimi, akauchukue, ila asibomoe tuta hata moja la jaruba. Nilitegemea Maximiliana apige yowe. Wapi! Akainamisha kichwa kama siku ya Majivu, akasema atanipa na mkokoteni wake na ng'ombe wa kuuvuta. Nimemshinda kabisa. Dhamiri imemng'ata.

Bwana shamba naye alikuwepo, Joakim, kijana wa viatu safi. Akasema mwizi si Maximiliana, ni mvua, na aliyemfungulia mlango ni mimi niliyefyeka ngitili. Mizizi ndiyo ilikuwa inashika udongo. Ati kabla ya kuurudisha nipange mawe na nyasi kukata mteremko. Nikamuuliza mama yake yuko salama. Akasema yuko salama. Nikamwambia anisalimie, na amwambie mwanawe amekonda, aje nimpikie. Nyasi nilizitoa kwa mkono wangu, nizirudishe kwa magoti?

Ijumaa, tarehe 8

Udongo umerudi nyumbani!

Wanawake wa jumuiya walikuja na majembe. Mtu haiti watu kazini akawalisha maneno, kwa hiyo nikachinja mbuzi, nikapika na michembe ya viazi vitamu kwa karanga. Tumechota, tumepakia, ng'ombe wamepanda na kushuka. Maximiliana kasimama kwenye tuta siku nzima akituelekeza: hapa bado, kona ile chimbeni zaidi, msiache tope. Nikasema moyoni, tazama mtu aliyetubu.

Jioni tukinawa mikono, mmoja wao akacheka. Akasema majaruba ya Maximiliana yalikuwa yamefukiwa, hayashiki maji tena, na tangu mavuno alikuwa anatafuta wa kumchimbia.

Nimewalisha vibarua wake mbuzi wangu!

Na yeye mwenyewe alikula. Paja.

Jumamosi, tarehe 9

Sijali. Udongo ninao, yeye ana shimo. Leo tumepiga plau na kupanda mahindi. Joakim kapita, kasimama, kashika kichwa. Akasema nilime kukata mteremko, mistari ilale, isishuke. Nikamweleza kwamba mistari ikilala watu wa barabarani hawaioni. Ikishuka wanaiona yote, imenyooka kama nywele za bibi harusi. Akasema nimeichimbia mvua barabara. Nikamwambia ale.

Katambuga nimeifukia juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, ilinde.

Jumapili, tarehe 10

Mvua! Imetukuta misani. Bati likapiga kelele hata padre hakusikika. Nikapiga makofi peke yangu. Maximiliana naye akapiga. Mbona anapiga?

Jumatatu, tarehe 11

Sina la kuandika.

Nitaandika. Mteremko umebaki mifupa. Kila mstari umekuwa korongo, mtoto anaweza kujificha. Udongo wote umeshuka, na mbegu, na katambuga. Masalu kaja na yule mfyatua matofali. Jamaa akauonja mteremko kwa kisigino, akasema hapa hata tofali halipo. Akaondoka! Masalu akaanza kufunga godoro langu kwenye pikipiki.

Nilikaa mlangoni. Nilishika fremu.

Ndipo Maximiliana akapanda, tope magotini, katambuga mkononi. Akamwambia Masalu aliteremshe hilo godoro kabla hajamchapa nalo. Akasema udongo wa mama yako uko kwangu, basi mama yako atalima kwangu. Nusu ya majaruba ni yake. Mteremko ufungwe, uwe ngitili tena, nyasi zirudi, maana tope likiendelea kushuka bonde lote litajaa na hakuna atakayekula wali, si yeye si mimi. Akanitaka niape mbele ya mwanangu. Nikaapa kwa katambuga.

Masalu akateremsha godoro. Usiku tumekula wali wa Maximiliana, kutoka sufuria moja. Nililia kidogo. Ni moshi. Huyo mwanamke kuni zake mbichi siku zote.

Alhamisi, tarehe 14

Nimelima nusu yangu. Tope linanifika magotini, jembe linazama lenyewe. Hapa mpunga utatoka kama nywele! Nimekaa kwenye tuta nikafikiri, maana mimi hufikiri.

Kama udongo wa mteremko ndio ulionenepesha bonde, na sasa nusu ya bonde ni yangu, basi kila udongo unaoshuka unakuja nyumbani. Hili Joakim hakulifikiria, na shule yake yote.

Na kule juu kichaka cha mwisho cha Nyanda bado kipo. Migunga michache, nyasi za kiunoni, na chini yake udongo mzuri umekaa bure, haumfai mtu.

Panga nimelinoa. Nimeapa kutolima mteremko, na silimi. Nakifyeka tu, mvua imalize.

Maximiliana simwambii. Atashtukia majaruba yamejaa mpaka juu. Masikini, atakavyonishukuru!