Siku Sita za Kulea Matumbawe ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Dada kaenda semina ya madaktari wa meno. Siku sita. Kaniachia tangi la matumbawe la chumba cha wagonjwa kusubiria, klinikini kwake. Marehemu shemeji aliyalea miaka kumi na moja, tangu yakiwa na ukubwa wa ukucha. Dada kanishika mkono mlangoni: "Kaka, hicho ndicho kitu chake pekee kinachopumua bado." Asihofu, nikamwambia. Niliwahi kufuga papa kwenye pipa. (Alikuwa kambare. Ila mwenye roho ya papa.)

Karani wake, mwanamke mkavu, kanipa karatasi ya dalili. Yakijifunga mchana, yakitoa ute, yakipauka, basi yanateseka, nimpigie Dada. Na maji yakipungua, niongeze yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, kwani chumvi ya mwanzo hubaki tangini. Nilicheka hadi nikakohoa. Kiumbe wa bahari umnyime chumvi? Nikaenda jikoni.

Jumanne, 5 Machi
Vikombe vinne vya maji ya chumvi. Matumbawe yalikuwa yamefunguka, vijinyuzi vinacheza. Nilipoinamia kioo yakajifunga yote mara moja, kama watu wanaonyamaza ukiingia chumbani. Heshima hiyo! Hata wanangu hawajawahi kunipa.

Jumatano, 6 Machi
Ute mrefu unaning'inia majini na haudondoki. Karani kasema ni dalili. Mate, nikamjibu, yana hamu ya kula. Nikazidisha chumvi. Mgonjwa mmoja wa jino kageuza kiti, tangi likawa mgongoni kwake. Eti anatazamwa. Nikamwambia hayana macho. Kasema hilo ndilo linalomtisha.

Alhamisi, 7 Machi
Dada kapiga simu. Yanang'aa, nikamwambia. Si uongo: lile la zambarau linawaka buluu ambayo sijaiona popote. Kauliza yanang'aa vipi. Nikasema mtandao unakatika. Karatasi ya dalili, ambayo Karani kaibandika ukutani, nimeibandua. Inawatia watu wasiwasi bure.

Ijumaa, 8 Machi
Meupe. Karibu yote. Vishimo vidogo vyenye kingo kali, safu juu ya safu, kama vinywa vilivyoachama. Wagonjwa wanasubiri wamesimama koridoni. Kwa maoni yangu yanafaa sana kliniki ya meno. Saa sita Karani kaja na ndoo, kang'oa lile dogo la pembeni lililobaki na rangi, kaondoka nalo bila salamu. Wizi wa mchana! Nimeandika mashitaka kurasa mbili.

Jumamosi, 9 Machi
Dada karudi. Kapiga magoti mbele ya kioo, begi likiwa bado begani. Kauliza kama niliyatazama kila siku. Kila siku, nikasema, bila kupepesa. "Na hukuona kuwa yanakufa?" Nilianza kumweleza habari za papa. Akanyoosha kiganja, akataka funguo. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Jumapili, 10 Machi
Karani karudisha lile dogo. Limewekwa peke yake kwenye tangi jipya, nami nimepigwa marufuku kuingia. Nimechungulia dirishani. Lilikuwa wazi, nyuzi zote zinapunga. Nami nikapunga. Likajifunga papo hapo. Nusu saa nilisimama pale, halikuthubutu kufunguka. Huyo ndiye niliyemlea vizuri.

Mwenye duka la vyombo ana kasuku aliyeacha kula. Nimemwambia aniletee, dalili zote nazijua.