Isale la Mama Jayshree

Jumamosi, 5 Machi 1994. Njoro, Moshi.
Nimeling'oa! Isale la mpakani, ule mmea wetu Wachagga wa kuwekea mipaka, kati ya kipande changu na cha Mama Jayshree. Nimelipanda upya upande wake, kidogo tu, upana wa jembe. Huko ndiko mfereji wa maji unakopita. Wenzangu wote wa bustani ya ujirani, Wachagga, Wapare, Wahindi na yule Msukuma, walikuwa kivulini wanakula kiburu cha ndizi na maharage.

Mwenyekiti wetu, Mama Theodora, aliagiza mipaka iwe masale kwa sababu Mchagga hathubutu kuyagusa. Lakini hili ni isale la chama, si la babu yangu. Halihesabiki. Nilirudi nikala achari ya Mama Jayshree kwa wingi, nionekane sina neno.

Jumapili, 6 Machi.
Baada ya ibada mzee Elisaria wa kanisani kwetu alisimulia, bila kuulizwa, habari za mtu aliyesogeza isale huko mlimani. Mdomo ukapinda. Mwezi haukuisha, wakamzika. Alisema haya akinitazama mimi! Au alitazama nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Mdomo unaniwaka. Mke wangu Eliona anasema ni achari. Eliona hajui kitu. Nilikwenda kulirudisha, nikamkuta Mama Jayshree amechuchumaa palepale, anapanda bamia. Nikamsalimu, nikajifanya napita.

Jumatatu, 7 Machi.
Mdomo umevimba. Naogopa kufa. Bilinganya zangu atazila nani?

Nimepata njia! Kwa mila yetu, ukimpelekea mtu jani la isale kuomba msamaha, hana ruhusa ya kukataa. Sijasikia kwamba lazima utaje kosa. Basi nasamehewa, na ardhi inabaki kwangu. Nimekata tawi zima, si jani, maana hofu yenyewe ni kubwa. Nimempa kwa mikono miwili. Amefurahi mno. Ameniita kaka Ebenezeri, akasema huko Tanga alikotoka hakuna jirani aliyewahi kumpa ua.

Ua!

Jumanne, 8 Machi.
Nimemwamkia mzee Elisaria, nikamwuliza kwa niaba ya rafiki yangu: mtu akisamehe bila kujua kwamba anasamehe, msamaha unashika? Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza mdomo wa rafiki yangu unaendeleaje. Nilikimbia.

Alhamisi, 10 Machi.
Balaa! Mama Jayshree kalipanda lile tawi katikati ya bilinganya zangu, eti kunipambia. Mama Theodora alipokuja kukagua akaliona, akatangaza mpaka ni hapo. Mama Jayshree alikataa kabisa, akasema hataki ardhi ya kaka yake. Akajibiwa kuwa isale likishasimama halibishaniwi. Ningepinga, ningeulizwa lile tawi nilimpa la nini. Nusu ya bilinganya imekwenda.

Jioni Mama Jayshree aliniletea chapati na kuniomba radhi. Niliona aibu, nikazila zote.

Jumamosi, 12 Machi.
Mdomo umepona! Laana imeridhika, nimeshaadhibiwa. Sasa nafikiri vizuri.

Upande wangu wa pili yupo Bwana Masanja, yule Msukuma. Mtu mpole. Hajui kabisa mila ya isale, na kabeji zake zina nafasi kupita kiasi. Kung'oa isale ni kosa, nakubali. Lakini kupanda? Mzee Elisaria hajawahi kusimulia mtu aliyezikwa kwa kupanda.

Tawi nimeshakata. Mdomo nimeufunika kwa kitambaa. Ni baridi tu ya asubuhi.